Mstari wa Jumatatu

Karatasi ilibandikwa Jumanne asubuhi kwenye ukuta wa kibanda cha chai, mkabala na lango la kiwanda cha samaki. Ilikuwa na majina ya wafanyakazi kumi na mmoja, tarehe waliyotolewa damu, na mbele ya kila jina neno moja lile lile: CHANYA. Chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo printa huweka yenyewe, paliandikwa: IMECHAPISHWA NA LAMOLO, ALHAMISI.

Kabla ya saa sita mchana wote kumi na mmoja walikuwa wameambiwa wavue aproni warudi nyumbani. Mmoja wao alikuwa Faraji, mkata minofu, aliyepanga chumba kwenye ploti moja na Lornah Amolo huko Otonglo. Jioni mke wa Faraji, Rehma, alimngojea Lornah mlangoni. Hakumsalimu, alimnyooshea karatasi aliyoibandua ukutani.

"Mama Elsie, hili jina ni la nani?"

Lornah alikuwa karani wa rekodi katika hospitali ya binafsi mjini Kisumu, ile ambayo kiwanda kilipeleka watu wake kupimwa. Aliisoma karatasi akiwa bado ameshika ufunguo.

"Ni langu. Lakini si mimi niliyechapisha."

"Jina lako, mkono si wako?"

"Alhamisi nilikuwa Uyoma kwenye matanga ya mama mkwe. Wewe mwenyewe ulinichangia sukari, Rehma."

"Kilo mbili. Ndiyo maana nimekuja kuuliza kwa mdomo. Wengine hawatakuja kwa mdomo."

Oketch, mume wa Lornah, alitokea ndani akiwa na fulana. "Rehma, huyu alikuwa kwetu. Mama tulimzika Jumatano, na mke wa mwana hawezi kutoka bomani kabla siku tatu hazijaisha. Muulize mtu yeyote. Nikitakiwa nitaenda huko hospitalini niseme."

"Nenda ukaseme, Baba Elsie. Mume wangu amelala tangu mchana ameugeukia ukuta."

Rehma aliondoka na karatasi yake. Oketch akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka kumtuliza mwenzake. "Unaogopa nini? Wewe hukuwepo. Hiyo ni kesi ya kuisha kwa dakika tano."

Lornah aliinama akawasha jiko.

Katika ofisi ya rekodi, mtu akifiwa alimwachia mwenzake neno lake la siri, jinsi anavyomwachia jirani kuku. Matanga huchukua siku nyingi, na yapo mafaili yaliyofunguka kwa jina la karani aliyeyaanzisha tu. Bila neno lake wagonjwa wangerudishwa nyumbani. Kila karani alifanya hivyo, na kila karani alikuwa ametia sahihi fomu kwamba hatafanya. Lornah alimwachia Selpha, waliyekaa naye meza moja miaka minne. Hilo lingeweza kumfukuzisha kazi, na alilijua.

Lakini lililomnyima pumzi lilikuwa jingine. Jumatatu, siku aliyorudi kazini, alikuta kwenye skrini yake mstari mpya: MAABARA. Hakuwahi kuwa na ruhusa hiyo. Alipaswa kumwita mkubwa aje aone. Badala yake alihakikisha Selpha yuko dirishani na wagonjwa, kisha akaandika jina la mume wake.

Oketch alikuwa ameomba kazi kiwanda hicho hicho. Alitolewa damu pamoja na wengine, wakaambiwa ni ya kutafuta homa ya matumbo, na tangu hapo hakuitwa. Lornah alijiambia anataka tu kujua kwa nini hajaitwa. Matokeo yalikuwa yameingizwa Jumamosi, siku mbili baada ya ile orodha kuchapishwa. Ndiyo maana jina la Oketch halikuwa ukutani. Neno lilikuwa lile lile.

Alifunga skrini. Jumatatu jioni alipika. Jumanne alipika tena.

*

Jumatano asubuhi kompyuta zote za rekodi ziliandika kitu kimoja: HUNA RUHUSA.

Makarani wakajaribu mara mbili, mara tatu. Hakuna faili lililofunguka. Dirisha la dawa nalo halikuona kipimo cha dawa cha mgonjwa yeyote wa zamani. Saa tatu foleni ilikuwa imefika kwenye geti.

"Hata kompyuta imegoma?" mzee mmoja aliuliza. "Imejiunga na walimu?"

Watu wakacheka. Mama mmoja mwenye mtoto wa pumu mgongoni hakucheka. "Faili la huyu liko ndani ya hicho kisanduku?" alimuuliza Lornah.

"Liko, mama."

"Basi litoeni."

"Kinakataa kututambua."

"Kinakataa kukutambua wewe unayekaa nacho kila siku? Na mimi je, kitanijua lini?"

Lornah alimwandikia yule mtoto kwenye karatasi tupu, jina na uzito, kana kwamba alikuwa amezaliwa asubuhi hiyo.

Saa nne aliitwa na Bwana Waliaula, msimamizi wa hospitali. Waliaula alikuwa mtu wa sauti ya chini na tai safi. Mbele yake palikuwa na barua iliyokwisha kuchapwa.

"Madam, ulimpa mtu neno lako la siri?"

"Nilimwachia Selpha nilipofiwa. Kama wote."

"Sikuulizi wote."

"Ndiyo. Nilimpa."

"Basi kosa lipo, hatuna haja ya kwenda mbali." Aliisukuma barua. Ilisema kwamba kwa uzembe wake Lornah Amolo alisababisha siri za wagonjwa kutoka nje, na kwamba anajiuzulu kwa hiari. "Utapata mshahara wa miezi mitatu. Polisi hawatahusika. Kesho saa tatu Faraji anakuja kwa niaba ya wenzake, wanataka kujua ni nani. Nitamsomea hii, mambo yaishe."

"Nisipotia sahihi?"

"Fundi wa seva yuko njiani. Faraji na wenzake watadai afungue kumbukumbu za kila aliyeingia kwenye kompyuta, na kumbukumbu zikifunguliwa zinasomwa zote." Alimtazama usoni, bila hasira yoyote. "Alhamisi imo. Na Jumatatu imo pia. Una uhakika unataka watu wasikie Jumatatu?"

Huyu alikuwa ameshaona.

"Nipe hadi kesho," alisema.

Alimkuta Selpha kwenye korido, amebeba mafaili ya karatasi kifuani kama ngao.

"Selpha, nani alitaka ile orodha?"

"Dada, mimi natafuta unga kama wewe."

"Sijakuuliza unga."

"Niliambiwa nichapishe, nikachapisha. Mashine ilikuwa imefunguliwa kwa jina lako tangu asubuhi. Mtu wa kiwanda alikuwa amekaa anakunywa chai. Unataka ningesema nini?"

"Amekaa wapi?"

Selpha aliutazama mlango wa Waliaula, akautazama muda wa kutosha, kisha akaenda zake.

*

Fundi aliitwa Wakhisi. Alifika adhuhuri na begi la ngozi lililochakaa, akafungiwa katika chumba kilichokuwa stoo ya mashuka. Ndani ya chumba hicho seva, kompyuta kuu ya hospitali, ilinguruma mchana na usiku. Aliomba karani mmoja wa kumsaidia. Wengine walijifanya hawakusikia, akabaki Lornah.

"Ingia kwa jina lako," alisema Wakhisi. Ikakataa. "La mwenzako." Selpha aliitwa, akaandika lake, ikakataa. "La mtu wa keshia." La keshia likafunguka.

"Basi tatizo si watu, ni kundi," alisema. "Mko kwenye kundi moja, REKODI. Kuna mtu jana jioni ameliondolea ruhusa ya kusoma. Nadhani alitaka kumfungia mtu mmoja, akawafungia wote."

Alirudisha ruhusa. Kwenye ofisi za mbele watu wakapiga makofi, kama umeme unaporudi. Wakhisi hakusimama. Alikuwa akiangalia jina moja.

"Mama, wewe ndiye LAMOLO? Makarani wenzako wako kundi moja. Wewe uko mawili. Nani alikuingiza MAABARA?"

"Sijui."

"Seva inajua."

Alifungua kumbukumbu akasoma kimya, midomo ikicheza. Lornah aliona kidole chake kikishuka kwenye kioo. Kikasimama. Kikashuka tena, kikasimama kwa muda mrefu zaidi.

"Huyu Oketch ni nani wako?"

"Mume wangu."

Wakhisi alivua miwani akaifuta kwa tai. Alikuwa mtu wa makamo, na pengine naye alikuwa na mtu nyumbani.

"Unaweza kuuondoa huo mstari?" Lornah aliuliza.

"Naweza. Lakini ripoti niliyoikata haina nguvu. Anayetaka kuipinga atasema, huyu fundi alifuta mmoja, amefuta mingapi? Ule wa Alhamisi unakuokoa, mama. Huu wa Jumatatu uko mistari michache chini yake. Siwezi kukupa mmoja bila mwingine."

*

Otonglo, jioni hiyo, Elsie alirudi kutoka kwenye bomba na mtungi mtupu. Alikuwa na miaka tisa. "Wamesema nisubiri hadi wote waishe. Walipoisha wakafunga."

Oketch alichukua mtungi akaenda mwenyewe. Alirudi na maji baada ya saa nzima, shati limelowa upande mmoja. Lornah alimwangalia akiyamimina kwenye pipa polepole asimwage, na akajikuta anahesabu mbavu zake. Alikuwa amekonda tangu lini? Au ni matanga? Watu wote hukonda matangani.

"Viatu vyangu vyeusi viko wapi?" Oketch aliuliza. "Kesho nakuja na wewe. Huyo Waliaula anisikie kwa masikio yake."

"Si lazima."

"Si lazima vipi? Mimi ndiye shahidi."

Walipokuwa wakila, jiwe liligonga mabati. Lilikuwa dogo, likabingirika hadi ukingoni likaanguka nje. Wote watatu waliacha kutafuna. Hakuna la pili lililofuata, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu walikaa wakilingoja. Ng'ambo ya ua mlango wa Faraji ulikuwa wazi na ndani hapakuwa na taa.

Mara tatu Lornah alifungua kinywa amwambie. Mara ya kwanza Elsie aliomba chumvi. Mara ya pili Oketch alikuwa anapiga viatu rangi na kupiga mluzi. Mara ya tatu hapakuwa na sababu yoyote. Aliogopa tu.

*

Alhamisi, saa mbili na nusu, walikaa kwenye benchi nje ya stoo ya mashuka. Faraji alikuwa amekaa benchi la mbali, kofia mkononi, macho sakafuni. Wagonjwa walipita katikati.

"Baba Elsie," Lornah alisema. "Jumatatu nilifungua jina lako."

"Kufungua vipi?"

"Kwenye kompyuta. Ile damu ya kiwanda haikuwa ya homa ya matumbo. Ilikuwa ya virusi."

Oketch aligeuka. Lornah hakugeuka. Angemwangalia asingemaliza.

"Inasemaje?"

"Kama ya Faraji."

Nesi alipita akisukuma kitoroli chenye gurudumu linalolia. Oketch alingoja hadi kimalize korido nzima.

"Jumatatu asubuhi au jioni?"

"Asubuhi. Saa mbili na dakika kumi na mbili."

"Na jioni ukanipakulia samaki upande wenye mafuta, ukasema wewe umeshiba."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umeshiba?"

"Sikuwa nimekula tangu asubuhi."

Oketch aliweka mikono juu ya magoti, akaikunja, akaikunjua. Viatu vyake viling'aa. "Siku tatu," alisema. "Jiwe linagonga nyumba yangu, mimi najisifu kwa majirani kwamba naenda kuwa shahidi. Ungeniacha niingie humo hivi hivi?"

"Hapana. Ndiyo maana nakwambia."

"Unaniambia mlangoni."

"Niliogopa."

Hakubishana na hilo. Alisema, "Ile barua uliyoniambia jana. Tia sahihi. Tuchukue mtoto twende Uyoma, hapana atakayesoma kitu."

"Nikitia sahihi, ni mimi niliyewauza watu kumi na mmoja. Elsie atakua na jina hilo, Uyoma au popote."

"Na usipotia, atakua na langu."

"Ndiyo."

Lornah alitaka mumewe amkatalie, amkaripie, afanye chochote. Badala yake Oketch aliuliza jambo ambalo Lornah alikuwa amelikimbia tangu Jumatatu.

"Na wewe umepimwa?"

"Bado."

Mlango ulifunguliwa. "Karibuni," alisema Wakhisi.

*

Chumba kilikuwa kidogo. Waliaula alichukua kiti pekee. Faraji alisimama karibu na rafu, Oketch na Lornah ukutani. Selpha aliitwa akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Barua ilikuwa juu ya meza na kalamu juu yake.

"Bwana Faraji," alianza Waliaula, "kwa masikitiko tumemjua aliyehusika. Yuko tayari kukiri. Madam?"

Lornah aliichukua kalamu. Ilikuwa na joto, ilikuwa imetoka mfukoni mwa mtu. Alimtazama Oketch. Oketch alikuwa anatazama seva, taa yake ndogo ya kijani ikiwaka na kuzima, na uso wake haukumwambia chochote.

"Sikuchapisha mimi," Lornah alisema, akairudisha kalamu. "Kumbukumbu zisomwe."

"Zisomwe," alisema Faraji. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema, na sauti yake ilikwaruza.

Wakhisi hakumngoja Waliaula. "Alhamisi, saa nne na dakika tano. Jina la msimamizi, kutoka mashine ya ofisi ya msimamizi, limemwingiza LAMOLO katika kundi la MAABARA. Saa nne na dakika ishirini, LAMOLO, kutoka mashine ya rekodi, amechapisha orodha. Ukurasa mmoja."

"Mashine ya ofisi gani?" Faraji aliuliza.

"Ya msimamizi."

"Siku hiyo huyu mama alikuwa Uyoma," alisema Oketch. "Nilikuwa naye. Neno la siri aliliacha hapa."

"Mimi niliambiwa tu," Selpha alisema mlangoni, haraka haraka, akilia. "Niliambiwa niko kwa jina la Lornah, basi nichapishe kwa hilo."

Waliaula alirekebisha tai. Hakuonekana mtu aliyeshindwa, na Lornah akaogopa zaidi. "Vizuri," alisema. "Kama tunasoma, tusome. Kuna mstari wa Jumatatu, fundi. Huyu anayejifanya safi naye alifungua siri ya mtu. Au niulize kwanza." Alimgeukia Oketch, karibu kwa huruma. "Mzee, mstari huo unakuhusu. Tunaweza kuacha hapa. Mke wako atie sahihi, karatasi zote zirudi ndani, kila mtu aende nyumbani na yake. Je, unajua umeandikwa nini?"

Seva ilinguruma. Lornah alishika ukingo wa rafu. Alijua kwamba neno moja la Oketch lingetosha, na kwamba yeye asingemlaumu.

"Najua," alisema Oketch. "Usome."

Wakhisi alisita.

"Soma, fundi. Usikate."

"Jumatatu, saa mbili na dakika kumi na mbili. LAMOLO amefungua matokeo ya Oketch J."

Hapakuwa na neno jingine katika mstari huo, lakini hakuna aliyehitaji kuelezwa. Faraji aliinua macho kutoka sakafuni, akamtazama jirani yake, ambaye yeye mwenyewe alimgeuzia mgongo jana kwenye bomba.

"Na wewe?" aliuliza.

"Na mimi."

Faraji alisogea, akamwachia Oketch nafasi ya kuegemea rafu. Kisha akatoa kalamu yake mwenyewe na pakiti tupu ya sigara. "Fundi, rudia ule wa saa nne na dakika tano. Polepole. Nataka kuandika."

*

Lornah alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo, kwa kutoa neno la siri. Hilo lilikuwa kosa lake kweli, na hakulibishia. Faraji na wenzake walikuwa wanatafuta wakili. Kama wangempata, na kama wakili angemgusa mtu kama Waliaula, hakuna aliyejua.

Kwenye korido Oketch alitembea mbele hatua mbili. Lornah alidhani anakwenda kwenye geti. Alipinda kulia.

"Maabara ni huku?"

"Baba Elsie, si leo."

"Ni leo. Kesho utapata sababu."

Ilikuwa kweli. Alimfuata.

"Majibu huchukua muda gani?"

"Wiki mbili. Wakati mwingine zaidi."

"Na watayaandika wapi?"

Dirishani karani wa maabara, msichana aliyekuwa akimsalimu kila asubuhi, alivuta kibodi karibu, akauliza bila kuinua uso: "Jina?"

Oketch alimshika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Lornah alitaja jina lake. Akasikia vidole vikiliandika, herufi moja baada ya nyingine.